Jiwe la Uluguru lililosaidia kufichua siri ya atomu

Ukitaja Milima ya Uluguru, wengi hukumbuka baridi, maporomoko na mboga zinazoshuka kuuzwa Morogoro mjini. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, wanakemia wa Ulaya waliijua kwa kitu kingine: jiwe jeusi, zito, lililojaa urani.

Lilitoka wapi?

Enzi za Wajerumani, Uluguru kulichimbwa ulanga, yale madini yanayong'aa na kubanduka kama karatasi. Kwenye miamba hiyohiyo kulikuwa na uraninaiti. Mwaka 1906 mwanakemia Willy Marckwald aliichunguza. Madini ya njano yaliyotokana nayo akayaita rutherfordini, kwa heshima ya mwanafizikia Ernest Rutherford.

Urani inageukaje risasi?

Atomu ya urani-238 haijatulia. Huvunjika hatua kwa hatua hadi iwe risasi, yaani ile metali. Njiani hutupa chembe 8 za alfa, kila moja ikiwa na uzito wa 4. Piga hesabu: 8 × 4 = 32. Toa 32 kwenye 238, inabaki 206.

Chembe hizo zina kasi si mchezo. Alfa ya kwanza hutoka kwa kilomita 14,000 hivi kwa sekunde, na baadhi ya elektroni hukaribia kasi ya mwanga. Nishati hiyo inatoka kwenye uzito wenyewe, kwa kanuni ya Albert Einstein ya mwaka 1905: E = mc². Kilo 1 ya urani ikivunjika yote hadi mwisho, uzito unaogeuka nishati haufiki hata robo gramu. Ila usisubiri: nusu tu ya atomu zake huchukua miaka bilioni 4.5 kuvunjika.

Mizani yaamua

Mwaka 1913 Frederick Soddy alisema atomu za elementi moja zinaweza kutofautiana uzito. Akaziita isotopu. Ushahidi ulihitajika.

Risasi ya kawaida ina uzito wa atomu wa 207.2. Iliyozaliwa na urani ilipaswa kuwa karibu na 206. Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz wakaanza kupima mwaka 1914. Jiwe la Joachimsthal, Ulaya ya Kati, lilitoa namba ya juu kidogo kwa sababu lilichanganyika na risasi ya kawaida. Fuwele za Morogoro zilikuwa safi zaidi. Jibu: 206.05.

Hapo ubishi ukapoteza nguvu. Soddy alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1921.

Horovitz, Myahudi mzaliwa wa Warsaw, hakuzeeka na sifa hizo. Manazi walimuua katika kambi ya Treblinka mwaka 1942.

Jiwe lenye saa

Risasi hiyo pia ni saa. Ukijua urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unapata umri wa jiwe. La Uluguru lina miaka milioni 600 hivi, na bado linahesabu.