Mkopo au Ruzuku: Utaratibu wa Fedha kwa Vikundi Vinavyowakinga Vijana na Dawa za Kulevya Handeni na Korogwe

Vikundi vya jamii vinavyowakinga vijana na dawa za kulevya katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, vinapaswa kutofautisha mkopo na ruzuku kabla ya kuomba fedha. Mkopo hurejeshwa. Ruzuku hairejeshwi, bali hutolewa taarifa ya matumizi. Kikundi kinachokopa ili kuendesha semina, ambazo haziingizi kipato, hubaki na deni.

Msingi wa kisheria

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA). Mbali na ukamataji, Mamlaka hutoa elimu kwa umma na kuratibu wadau wa kinga na tiba. Bangi na mirungi ni miongoni mwa dawa zinazokatazwa.

Mikopo ya asilimia 10

Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake uboreshwe, kisha ikarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25.

Katika eneo hili wahusika ni Halmashauri za Wilaya na za Mji za Handeni na Korogwe. Fedha hizo ni za miradi ya uzalishaji, kama vile kilimo, ufugaji au usafirishaji. Hata hivyo, kijana mwenye kazi halali huwa na sababu moja zaidi ya kukaa mbali na vijiwe vya dawa za kulevya. Hivyo mradi wenyewe unaweza kuwa sehemu ya kinga.

Ruzuku

Elimu ya kinga shuleni, michezo na ushauri kwa familia hufaa zaidi kugharamiwa kwa ruzuku za wafadhili. Foundation for Civil Society ni miongoni mwa taasisi zinazotoa ruzuku kwa asasi za kiraia nchini.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1997 iliweka mpango wa ruzuku kwa miungano ya jamii. Muungano hutakiwa kuwahusisha wazazi, vijana, shule, polisi, viongozi wa dini na makundi mengine, na kuchangia sehemu yake kwa fedha au kwa nguvu kazi.

Hatua za kuchukua

Kikundi kinashauriwa kuwa na usajili, katiba, akaunti ya benki na kumbukumbu za vikao, na kueleza tatizo la kijiji au mtaa wake kwa takwimu zinazoweza kuthibitishwa. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuanza naye.

Kwa kijana aliyekwisha kuathirika, kinga pekee haitoshi. Tiba ya methadoni, iliyoanza nchini mwaka 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, hutolewa pia mkoani Tanga katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo.

Wananchi wanaweza kutoa taarifa za dawa za kulevya kwa DCEA kupitia simu namba 119, bila malipo.