Mamilioni ya Nani? Fotomontaji za John Heartfield na Ukweli wa Tashtiti

Mnamo Oktoba 1932, miezi mitatu hivi kabla ya Adolf Hitler kuukwaa ukansela wa Ujerumani, gazeti la picha la wafanyakazi, Arbeiter-Illustrierte-Zeitung, lilichapa jaladani kazi ya John Heartfield ambayo wahakiki wa sanaa ya upinzani hawachoki kuirejelea. Hitler anapiga saluti yake, kiganja kikiwa kimeelekea nyuma. Nyuma yake limesimama jitu la mwanamume mnene mwenye suti, lisiloonekana uso, likimtilia noti kiganjani. Maandishi yanarudia majigambo ya Hitler mwenyewe kuhusu mamilioni walio nyuma yake.

Msanii huyu alizaliwa Helmut Herzfeld mwaka 1891. Alijipa jina la Kiingereza mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kupinga chuki dhidi ya Uingereza iliyokuwa ikichochewa nchini mwake. Mbinu yake, fotomontaji, ni ya kukata vipande vya picha na kuvibandika pamoja hadi vitoe maana ambayo havikuwa nayo. Aprili 1932 alimwonyesha fisi mwenye kofia ya kitajiri akitembea juu ya maiti za wanajeshi, shingoni ana nishani ya kijeshi ambayo maandishi yake yamegeuzwa kusifu faida. Msomaji aliyelelewa na ngano za Kiafrika hahitaji kufafanuliwa jazanda hiyo.

Jalada la Oktoba ni gumu zaidi, kwani nguvu yake imo katika utata wa neno moja. Kwa Kijerumani, mamilioni huweza kuwa watu au fedha, na kitenzi hakifichui ni kipi. Kiswahili hakimpi mfasiri nafasi hiyo. Upatanisho wa kisarufi unamlazimisha aseme ama mamilioni wako nyuma, ama mamilioni yako nyuma. Hasara hiyo ya tafsiri inaangaza jambo ambalo sifa za kawaida hulifunika: Heartfield naye alikwisha kuchagua. Pichani mna fedha tu, watu hawamo.

Ilhali watu walikuwapo. Katika uchaguzi wa Julai 1932 chama cha Hitler kilipata kura milioni 13.7, zaidi ya asilimia 37. Mwanahistoria Henry Ashby Turner, katika kitabu chake cha mwaka 1985, alionyesha kwamba kabla ya 1933 chama hicho kilitegemea zaidi michango ya wanachama wake kuliko hazina za makampuni makubwa. Heartfield, mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, alichora nadharia ya chama chake: ufashisti ni kibaraka wa mtaji. Nadharia hiyo iliwafariji wafuasi wake, maana kibaraka akiisha kulipwa na tajiri, hapana haja ya kuuliza kwa nini jirani amempigia kura.

Hata hivyo, kuiita picha hiyo uongo ni kuionea. Februari 20, 1933, Hitler akiwa tayari kansela, wenye viwanda wakiwamo Gustav Krupp walikutana naye katika makazi ya Göring, na hapo zikaahidiwa mark milioni 3 kwa ajili ya uchaguzi wa Machi. Noti zilifika, ila zilifika baada ya mkono kushika dola.

Aprili mwaka huo Heartfield alitorokea Prague. Huko, Desemba 1935, alijibu hotuba ya Göring iliyotukuza chuma na kudharau siagi. Safari hii tajiri hayumo. Iko familia ya kawaida mezani, ukutani wana picha ya Hitler, na wote wanatafuna vyuma: baiskeli, minyororo, hata mtoto mchanga anaguguna shoka. Hakuna anayewalazimisha.