Landerneau, Mji Uliouza Njia ya Kuvuka

Mfaransa akitaka kudhihaki habari ndogo iliyokuzwa kupita kiasi, husema kwamba itapiga kelele Landerneau. Msemo huo ulitoka katika tamthilia ya Alexandre Duval ya mwaka 1796, Les Héritiers, na tangu hapo mji huu wa magharibi mwa Bretagne umebeba jina la kijiji cha umbeya. Ni dhuluma. Wenyeji, ambao kwa Kibretoni huuita Landerne, wana msemo wao wenyewe, na huo ndio wenye historia ndani yake: anayesimama juu ya daraja la mji, pua yake iko Leon na makalio yake yako Kerne. Leon na Kerne, ambazo Wafaransa huziita Léon na Cornouaille, ni nchi mbili za kale za Wabretoni, kila moja ikiwa na askofu wake, lahaja yake, mavazi yake na kejeli zake kwa jirani. Mto Elorn ulikuwa mpaka wao. Wanaousimulia mji huu huanzia kwenye mpaka huo, na wengi huishia papo hapo. Lakini mto uligawa nchi hizo mbili kwa kilomita nyingi, na kwingineko kwenye kingo zake hakukuchipuka mji wa namna hii. Hoja yangu ni kwamba kilichoujenga Landerneau ni daraja, na hasa mahali daraja lilipowekwa.

Elorn hushuka kutoka vilima vya Arrée hadi kwenye ghuba ya Brest, na mji uko pale maji ya bahari yanapokomea. Chini ya hapo mto unapanuka, na maji yakipwa unabaki mkondo katikati ya tope. Fundi wa zama za kati asingethubutu kutia nguzo humo. Juu ya hapo chombo cha baharini hakipiti. Kwa hiyo mahali pamoja palikuwa mwisho wa safari ya mashua na mwanzo wa njia ya kuvuka kwa miguu. Aliyetoka kaskazini kwenda kusini alipita hapa, au alijikabidhi kwa wavushaji wa upande wa Plougastel, kwenye upepo na mikondo ya mlango wa mto. Jean II wa Rohan, kabaila aliyeshika Leon, alilijua hilo vizuri alipolijenga upya daraja mwaka 1510, akaweka maandishi ya jiwe ili watu wasisahau ni nani aliyelijenga. Daraja hilo lilibeba kinu cha kusagia nafaka, gereza na nyumba za watu. Leo wageni hulipiga picha kwa sababu ni miongoni mwa madaraja machache ya Ulaya ambayo bado watu wanaishi juu yake, nao huona uzuri tu. Aliyejenga duka pale aliona biashara: mteja hawezi kulikwepa. London ilibomoa nyumba za daraja lake kuanzia miaka ya 1750, na Paris iliamriwa kuondoa za kwake mwaka 1786. Za Landerneau zilinusurika.

Anayeshikilia habari ya mpaka atanionyesha makanisa mawili. La Saint-Houardon liko ukingo wa Leon, na la Saint-Thomas, lenye jina la askofu mkuu wa Canterbury aliyeuawa mwaka 1170, liko ukingo wa Kerne. Mji mmoja na maaskofu wawili: huo si mgawanyiko ni nini? Ni mgawanyiko wa madaftari ya kanisa, na nje ya madaftari hayo mambo yalikwenda vingine. Mji wa mpakani wenye uhasama huupa mto kisogo. Hapa kingo mbili zilitazamana, na baina yao palijaa milango ya maduka. Mapinduzi ya Ufaransa yalipofuta nchi za kale mwaka 1790 na kuziunganisha katika mkoa wa Finistère, Landerneau haikuwa na cha kujifunza kuhusu kuunganishwa. Mwaka 1793, viongozi wa mkoa waliokaa Quimper walipokosana na serikali ya Paris, makao ya mkoa yalihamishiwa hapa, yakabaki hadi 1795.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatokana na kitani. Utajiri wa Leon katika karne ya 16 na ya 17 ulitokana na vitambaa viitwavyo crées, jina linalohusishwa na krez, yaani shati kwa Kibretoni, na vitambaa hivyo havikufumwa mjini. Mbegu ya kitani ililetwa kwa meli kutoka Baltiki, ikapandwa mashambani. Wanawake wa vijijini walisokota. Nyuzi zilifuliwa kwa majivu katika vibanda vya mawe kando ya vijito, viitwavyo kanndi, zikawa nyeupe kabla ya kupanda kwenye kitanda cha mfumi. Wakulima waliogeuka wafanyabiashara, ambao Wabretoni huwaita Juloded, walitajirika hata wakajenga viwanja vya makanisa vya Guimiliau na Saint-Thégonnec, ambavyo kwa nakshi havina mfano wake mjini Landerneau. Basi, je, vijiji ndivyo vilivyokuwa moyo na mji ulikuwa gati tu? Nakubali nusu. Mikono ilikuwa vijijini. Lakini jora la kitani lililolala ghalani Guimiliau halikuwa na bei mpaka lifike kwa mnunuzi wa ng'ambo, na njia kuu zilikuwa mbili, Morlaix na Landerneau. Uingereza ilipozuia bidhaa za Ufaransa mwaka 1678, hasara ilianzia bandarini kabla ya kupanda mashambani, na ni wafanyabiashara wa bandarini waliotafuta wanunuzi wengine Hispania. Hata kitani cha mkono kilipozidiwa na pamba, ni mjini ambako kiwanda kikubwa cha kitani kilianzishwa mwaka 1845, kikifuma turubai za matanga kwa ajili ya jeshi la majini la Brest. Kilifungwa mwaka 1891, meli za mvuke zilipokwisha kuyashinda matanga.

Mtihani wa hoja yangu ulikuja tarehe 9 Oktoba 1930, siku lilipofunguliwa daraja la zege la mhandisi Eugène Freyssinet kati ya upande wa Brest na Plougastel. Tangu siku hiyo gari la kutoka Brest kwenda Quimper halikuwa na haja tena ya kuiona Landerneau. Kama daraja ndilo lililoujenga mji, mbona haukufa? Kwa sababu ulikuwa umekwisha kuuza njia ya kuvuka kwa mara ya pili: reli ya Paris ilifika Brest mwaka 1865 kupitia hapa, na ile ya kwenda Quimper, iliyokamilika 1867, ilichepuka hapahapa na kuvuka Elorn karibu na kivuko kilekile cha kale. Baadaye ushirika mkubwa wa wakulima wa Bretagne ukaweka makao yake mjini. Édouard Leclerc, kijana wa hapo, alifungua duka lake la kwanza mwaka 1949 katika chumba cha mita 16 za mraba, akauza biskuti kwa bei ya jumla. Yeye nakiri hakuhitaji daraja, angeweza kuanzia popote. Daraja la Freyssinet sasa limeachiwa waenda kwa miguu, baiskeli na magari ya mwendo wa polepole, maana jingine lilifunguliwa kando yake mwaka 1994. Lile la 1510 bado lina wapangaji.