Gavana Akikosea, Msisusie Isiolo

Kuna hii tabia imeshika: gavana wa mahali akileta siasa watu hawapendi, wasee wanasema kaunti nzima isusiwe. Msiende kutalii huko, msinunue vitu vyao, si ni wao walimchagua? Mimi ni wa Isiolo, na nataka kujibu na historia, kwa sababu hii adhabu ya kuchapa wote huku tunaijua.

Turudi 1962. Waingereza wakijiandaa kuondoka, walituma tume kuuliza watu wa kaskazini, eneo lililoitwa NFD, wanataka nini. Wengi walitaka kujiunga na Somalia. Uingereza ikaamua wabaki Kenya, na Wasomali wengi wakasusia uchaguzi wa Mei 1963.

Lakini Isiolo haikuwa na sauti moja. Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya yetu, na chifu Haji Galma Dido walitaka tubaki Kenya. Juni 1963 wakapigwa risasi kule Modogashe. Ukipita Wabera Street pale katikati ya Nairobi, ni yeye huyo.

Desemba 1963, uhuru hata haujamaliza mwezi, serikali ikatangaza hali ya hatari kaskazini. Vita vya Shifta vikashika moto, na hakuna aliyekuja kuuliza nani alitaka Somalia na nani alitaka Kenya. Kufikia 1966 wafugaji walikuwa wanasukumwa ndani ya vijiji vyenye ulinzi Garba Tulla, Merti na Isiolo kwenyewe. Sasa fikiria: mifugo inaishi kwa kutembea kufuata malisho, halafu unaifungia mahali pamoja. Ilikufa kwa njaa na magonjwa. Ngamia walipigwa risasi kwa kushukiwa kubebea shifta mizigo. Waborana wanauita wakati huo Daaba, yaani kila kitu kilisimama. Familia zenye mali ziliingia na mifugo, zikatoka mikono mitupu. Na hao walikuwa watu wa Galma Dido, mzee aliyekufa akiitetea Kenya!

Vita viliisha 1967, adhabu haikuisha. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyofanya huku. Hali ya hatari iliondolewa 1991. Lami nayo iliishia Isiolo mjini kwa zaidi ya miaka 40 ya uhuru. Ukienda Marsabit enzi hizo, ilikuwa ni vumbi na Mungu wako.

Sasa mtu ataniambia, "Lakini hiyo ilikuwa serikali na bunduki, sisi tunakataa tu kununua." Sawa, si kitu kimoja. Lakini hesabu ni ileile: kosa la wachache, bili kwa wote.

Angalia vile kaunti inafanya kazi. Gavana anashinda kwa kupata kura nyingi kuliko wengine, hata kama hajafika nusu. Mshahara wake unapangwa na SRC, haupungui kwa sababu wewe umekataa kuja. Nakubali, viingilio vya Shaba na Buffalo Springs vinaenda kwa kaunti, kwa hivyo kususia kutauma. Lakini kutamuuma nani kwanza? Dereva wa watalii. Mpishi wa hoteli. Na ukisusia bidhaa, ni mama anayeamka usiku ili maziwa ya ngamia yafike Eastleigh.

Sisemi kususia ni vibaya kila wakati. Novemba 2017 NASA iliambia wafuasi wake wasusie Safaricom, Brookside na Bidco. Kubali au ukatae, angalau walilenga kampuni walizosema zinafaidika na serikali, si kijiji cha mtu. Hata hapo, maziwa ya Brookside yanatoka kwa wakulima wadogo. Kwa hivyo kabla ya kususia, jiulize: hii itamfikia aliyeamua?

Juni 2025 wawakilishi wadi wetu walipiga kura kumng'oa Gavana Abdi Guyo. Julai, Seneti ikatupa kesi kwa sababu ya utaratibu. Uwe ulifurahi au ulikasirika, ile njia ilimlenga mtu mmoja kwa jina lake. Kuna korti pia, na kuna debe.

Tunasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hiyo methali iachieni samaki. Wabera na Galma Dido walikuwa wa Isiolo pia.