Saa za Jioni: Wazazi wa Uingereza na Mtihani wa Miaka Kumi na Mmoja

Msomaji, yamkini umo katika shule ya sekondari leo kwa sababu siku moja uliketi mbele ya karatasi ya mtihani, ukapimwa pamoja na maelfu ya wenzako. Basi hutaona ajabu nikikusimulia habari za watoto wa Uingereza walioketi hivyo hivyo, nao wakiwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja tu. Lakini sitaki uwatazame watoto peke yao. Watazame baba na mama zao, usiku, watoto wamekwisha kulala, wakihesabu fedha mezani na kuulizana: Je, tumlipe mwalimu wa tuisheni, au tumwache mtoto aende na akili aliyojaliwa?

Kwanza yakupasa kujua mlango waliougombea ulivyokuwa. Uingereza ilikuwa na shule za sekondari za kale, ambazo naweza kuziita shule za sarufi, kwa kuwa hapo zamani kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha sarufi ya Kilatini. Kwa muda mrefu mtoto wa maskini alizitazama kwa nje. Mwaka 1907 serikali iliamuru kwamba shule za sekondari zilizopokea fedha zake zitenge kwa kawaida robo ya nafasi kwa watoto wa shule za msingi, wasome bila ada. Nafasi zilikuwa chache na waliozitaka walikuwa wengi, na tangu hapo mashindano yakaanza.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1944, iliyoongozwa na waziri R. A. Butler. Sheria hii iliondoa ada katika shule za sekondari za serikali, ikampa kila mtoto haki ya kupata elimu ya sekondari. Lilikuwa jambo kubwa, na wazazi wengi walilishukuru. Walakini haki ya kupata sekondari haikuwa haki ya kupata sekondari ile ile. Ijapokuwa sheria yenyewe haikutaja aina za shule, wakuu wa elimu wa majimbo mengi waliwagawa watoto: wachache waende shule za sarufi, wachache zaidi waende shule za ufundi, na wengi waliobaki waende shule zilizoitwa za kisasa. Chombo cha kuwagawa kilikuwa mtihani wa hesabu, Kiingereza, na kile kilichoitwa kipimo cha akili.

Usidhani kwamba tofauti ilikuwa ya jina tu. Shule ya sarufi ndiyo iliyokuwa njia ya Chuo Kikuu na kazi za ofisini. Aliyekwenda shule ya kisasa aghalabu alitoka akiwa na miaka kumi na mitano, ambayo tangu mwaka 1947 ndiyo iliyokuwa mwisho wa kulazimishwa kusoma, akaenda kutafuta kazi bila cheti. Tena nafasi hazikuwa sawa nchini kote. Kwa wastani kama mtoto mmoja katika wanne au watano aliingia shule ya sarufi, lakini mahali pengine alikuwa mmoja katika kumi, na pengine walikuwa zaidi ya wanne katika kumi. Mtoto yule yule, mwenye alama zile zile, angaliweza kufaulu katika jimbo moja na kushindwa katika jimbo la jirani.

Nitakawia kidogo katika kipimo cha akili, maana hapo ndipo penye kiini cha habari. Mtoto aliulizwa maswali ya namna hii: unyoya ni kwa ndege, na jani ni kwa nini? Au: baada ya 3, 6, 12, 24, namba gani hufuata? Walioeneza vipimo hivi hawakuwa watu wabaya. Mwaka 1921 Godfrey Thomson alitunga kipimo kwa ajili ya jimbo la Northumberland. Kulikuwa na shule za vijijini zisizopeleka hata mtahiniwa mmoja kugombea nafasi za bure, naye alitaka kuwagundua watoto wenye akili waliofichwa na umaskini na umbali. Baadaye alikwenda Edinburgh, na vipimo vilivyotungwa chini yake pale Moray House vikatumiwa na majimbo mengi. Mwingine, Cyril Burt, mwenye sifa kubwa katika elimu ya nafsi, alifundisha kwamba sehemu kubwa ya akili mtu huzaliwa nayo. (Burt alifariki mwaka 1971, na miaka michache baadaye hesabu zake kuhusu mapacha zilitiwa shaka kubwa, wengine wakasema alizibuni.)

Kama akili ni ya kuzaliwa, na kama kipimo hupima akili hiyo tu, basi tuisheni ni fedha zilizotupwa baharini. Ndivyo wazazi walivyoambiwa. Lakini wazazi hawakusadiki. Walinunua vitabu vya mazoezi ya vipimo, waliwalipa walimu saa za jioni, na wengine waliwaahidi watoto baiskeli wakifaulu. Asiyeweza kununua vitabu aliambiwa asiwe na wasiwasi.

Nani alikuwa na haki? Mwaka 1952 Philip Vernon, naye mtaalamu wa vipimo, alitangaza kwamba mazoezi na mafunzo huweza kuzipandisha alama za kipimo cha akili, na kwa kiasi cha kutosha kumvusha mtoto aliye karibu na mpaka. Watu walishtuka. Lakini alisema na jambo la pili ambalo wengi hawakulisikia vizuri: faida hiyo hupatikana upesi, kwa saa chache tu, kisha hukoma. Mtoto akishazoea sura ya maswali, saa nyingi zaidi hazimwongezei mengi. Dawa yake ilikuwa kuwapa watoto wote mazoezi machache sawasawa shuleni, na majimbo mengine yalifanya hivyo.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hesabu ya maana kuliko zote katika habari hii, nayo haikuwatuliza wazazi. Fikiri kisima kinachotoa ndoo ishirini kila siku. Mmoja akiamka mapema, yeye hupata maji. Wote wakiamka alfajiri, maji hayakuongezeka. Usingizi tu ndio uliopotea, na mgonjwa asiyeweza kuamka amekosa kabisa. Lakini mwambie mama mmoja aache kuamka, uone kama atakubali.

Mwaka 1957 uchunguzi wa Yates na Pidgeon ulionyesha kwamba hata kwa njia bora ya kuchagua, kama watoto kumi katika kila mia moja walikuwa wakipelekwa shule isiyowafaa. Hao ni watoto wengi mno kwa kosa la siku moja. Mwezi Julai 1965 waziri Anthony Crosland alitoa waraka wa kuyaomba majimbo yaunganishe shule, watoto wote wasome pamoja. Mengi yalikubali. Machache yalikataa, hata leo Uingereza bado ina shule za sarufi 163, nyingi zikiwa katika majimbo kama Kent, Lincolnshire na Buckinghamshire. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kuanzisha mpya. Palipobaki shule, pamebaki mtihani. Na palipobaki mtihani, pamebaki tuisheni. Mwaka 2013 Buckinghamshire ilibadili mtihani wake kwa tumaini kwamba ule mpya ungekuwa mgumu kufundishiwa pembeni. Walimu wa tuisheni waliusoma ule mpya, wakaendelea na kazi.

Sisi hatuna haki ya kuwacheka. Zamani za ukoloni Mwafrika wa Kenya alichujwa kwa mtihani mwishoni mwa darasa la nane, na tangu 1985 hata 2023 ulikuwako mtihani wa K.C.P.E. Mimi niliufanya. Katika shule niliyosoma, wenye kulipa walibaki darasani jioni, na wasiolipa walitoka nje. Mwenzangu wa dawati, aliyenishinda katika hesabu kila muhula, alikuwa wa kutoka nje. Alisimama chini ya dirisha akinakili maswali ya ubaoni mpaka mwalimu alipolifunga dirisha. Mama yangu alilipa kwa fedha za kuku, nami sikumwambia yaliyokuwa yakipita dirishani. Nilikwenda shule ya mkoa; yeye alikwenda shule ya kutwa, na sikupata kujua kama tofauti ilikuwa akili zetu au kuku wa mama.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza tuisheni ya likizo, na bado wazazi hunijia. Mwaka jana alikuja baba mmoja, fundi wa viatu, akaniuliza kama amkopee mwanawe fedha za masomo ya jioni. Nilimweleza habari za Vernon: saa chache zatosha, na saa hizo nitampa mtoto mimi mwenyewe bila malipo. Alinishukuru sana. Alipofika mlangoni aligeuka, akaniuliza, “Na jirani yangu, Mwalimu, yeye analipia saa ngapi?”