Vyuo Vikuu na Akili Mnemba: Mwaka wa Marufuku na Vigunduzi

Tarehe 30 Novemba 2022, kampuni ya OpenAI ya Marekani iliifungulia dunia programu iitwayo ChatGPT. Walimu waliozoea kuipima fikra ya mwanafunzi kwa insha aliyoiandikia nyumbani wakajikuta hawajui tena wanasahihisha kazi ya nani. (Natumia "akili mnemba" kama wasemavyo Tanzania, Kenya huandikwa pia "akili unde". Mwanafunzi wa Kiswahili na ayajue yote mawili.)

Jibu la kwanza lilikuwa marufuku. Januari 2023, Sciences Po, chuo mashuhuri cha Paris, kiliwakataza wanafunzi kuitumia programu hiyo bila kuitaja, na adhabu iliweza kufikia kufukuzwa. Mwezi uliofuata, Chuo Kikuu cha Hong Kong kiliipiga marufuku kwa muda. Siwalaumu, mlango ulikuwa umevunjwa na ilibidi uzibwe kwa chochote kilichokuwa karibu.

Lakini marufuku huhitaji mlinzi. Aprili 2023, Turnitin, kampuni iliyozoeleka kwa kukagua wizi wa maandishi, ilitoa kigunduzi cha maandishi ya mashine. Hapa ndipo historia hii inapotugusa sisi tunaojifunza lugha. Vigunduzi vingi hupima jinsi kila neno linavyotabirika kutokana na yaliyolitangulia. Maandishi yakitabirika mno, hudhaniwa kuwa ya mashine. Na ni nani mwingine aandikaye kwa maneno yanayotabirika? Ni yule mwenye msamiati mchache, anayeshikilia miundo aliyofundishwa darasani kwa sababu ndiyo aliyo na hakika nayo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilithibitisha jambo hili mwaka huohuo. Walivijaribu vigunduzi 7 kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine, ilhali insha za wanafunzi wa shule za Marekani zilipita karibu zote. Mtu alitoa jasho kujifunza lugha ya kigeni, kisha jasho lake likaitwa udanganyifu.

Julai 2023, OpenAI yenyewe ilikiondoa kigunduzi chake kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Agosti, Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Tennessee kikakizima kile cha Turnitin, na hoja yake ilikuwa hesabu ya kawaida tu: mwaka 2022 kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 katika mfumo huo. Hata kama kosa ni asilimia 1, kama kampuni ilivyodai, kazi 750 zingeshutumiwa bure. Tena, chuo kililalamika kwamba hakikuelezwa kigunduzi hufikiaje uamuzi wake. Ni mahakama gani ihukumuyo hivyo?

Nchini Uingereza, vyuo 24 vya Russell Group vilikuwa vimeshatangaza, Julai hiyohiyo, kanuni za kuwafundisha wanafunzi na walimu kuitumia akili mnemba kwa uadilifu badala ya kuikataza moja kwa moja. Septemba, UNESCO ikatoa mwongozo wake. Katika vyuo vingi, utekelezaji uliachiwa idara na wahadhiri, hata mwanafunzi yuleyule aweza kuruhusiwa asubuhi katika somo moja na kukatazwa alasiri katika jingine.