Sukari Haiko Kwenye Chai Peke Yake: Jinsi ya Kuhesabu Wanga na Nyuzinyuzi

Mtu akiambiwa ana kisukari, jambo la kwanza afanyalo ni kuacha sukari kwenye chai. Kisha hunywa strungi kavu kwa mahamri manne, na baada ya saa mbili hushangaa kipimo kikionyesha sukari iko juu. Hapana la kushangaza. Wanga ulio katika unga, wali, sima, muhogo na viazi husagwa tumboni ukawa glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damu. Kwa hivyo kinachohesabiwa ni wanga wote.

Hesabu ya mahamri

Kilo moja ya unga mweupe wa ngano ina wanga wa gramu 750 hivi. Ukitia sukari robo kilo, jumla ni gramu 1,000. Ukitoa mahamri 40, kila moja lina gramu 25. Basi manne ni gramu 100, sawa na vijiko 25 vya chai vya sukari. Kwa njia hii waweza kuhesabu chapati, vitumbua na mkate wa nyumbani.

Vyakula vingine, kwa makadirio

- Wali, kikombe kimoja kilichopikwa: gramu 45
- Pojo au mbaazi zilizochemshwa, nusu kikombe: gramu 20
- Muhogo wa kuchemsha, gramu 100: gramu 38
- Tende ndogo tatu: gramu 15

Samaki, nyama na mayai karibu havina wanga. Tui la nazi lina wanga mchache, ila mafuta yake ni mengi.

Nyuzinyuzi

Hii ni sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Haipandishi sukari, na huchelewesha wanga kuingia katika damu. Kikombe cha wali mweupe hakifiki gramu 1 ya nyuzinyuzi, lakini nusu kikombe cha pojo kina gramu 7 hivi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Punguza wali, zidisha pojo, kunde na mchicha. Ongeza pole pole na unywe maji, tumbo lisije likajaa gesi.

Tahadhari mbili

Kwanza, pakiti za madukani hazihesabu namna moja. Za Marekani hujumlisha nyuzinyuzi ndani ya wanga. Za Uingereza huziandika mbali. Ukitoa nyuzinyuzi ambazo tayari zimetolewa, utadhani umekula wanga mchache kuliko ulivyokula.

Pili, anayedunga insulini asibadilishe kipimo chake kwa hesabu hizi bila ya daktari. Insulini ikizidi chakula, sukari hushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Hapo anahitaji gramu 15 za sukari ya haraka, mfano vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Asipewe pojo wala mkate kwanza, kwani hukawia. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

Kiasi cha wanga kwa kila mlo hutofautiana baina ya mtu na mtu. Chagua kikombe kimoja cha kupimia, pima sukari kabla ya kula na saa mbili baadaye, andika, na daftari hilo uende nalo kliniki.